Nilimpeleka mwanangu kwa mwanasaikolojia: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka 9. Tangu Januari mwalimu wake alikuwa akinipigia simu karibu kila wiki: kampiga mwenzake, hatulii, kachana daftari. Nyumbani akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Mama mkwe alisema ni utundu tu, fimbo itamnyoosha. Mimi nikampeleka kwa mwanasaikolojia, kliniki moja ya binafsi hapa Dar es Salaam.

Nilidhani atamtazama dakika kumi kisha atupe jina la ugonjwa. Wapi! Siku ya kwanza alizungumza nami peke yangu saa nzima: mimba ilikuwaje, mtoto alianza kutembea lini, analala saa ngapi, nani kahama au kufariki. Akataka masikio na macho yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi. Nikajaza dodoso liitwalo SDQ, la kuangalia tabia na hisia za mtoto, la Kiswahili: sentensi 25, kila moja unajibu si kweli, kweli kiasi au kweli kabisa, ukifikiria miezi sita iliyopita. Mwalimu naye akapewa lake.

Majibu yalipotoka nilishtuka. Alama za mwalimu zilikuwa juu upande wa ugomvi na kutotulia. Zangu zilipanda kwenye hofu na huzuni. Mtoto ni yuleyule. Mwanasaikolojia hakusema nani kakosea. Alisema alama si hukumu, zinamwonyesha tu pa kuchimba.

Kikao cha tatu alikaa na mtoto sakafuni wakachora. Baadaye, kwa ruhusa ya mtoto, akanionyesha picha: sebule yetu, na kiti cha babu kitupu. Babu alifariki Desemba. Siku ya mazishi tulimwacha mtoto kwa jirani ili asione, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Nililia palepale.

Hakupewa dawa, mwanasaikolojia haandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari. Tunaendelea na vikao kila Jumamosi, na kitanda kimeanza kukauka.

Kilichoniumiza ni gharama. Bima yetu haikulipia hata kikao kimoja. Ripoti nayo iliandikwa kwa Kiingereza kitupu, ikabidi niombe nisomewe upya kwa Kiswahili, naye akanisomea bila haraka.

Ukienda, beba madaftari ya shule na kadi ya kliniki ya utotoni. Mimi nilirudishwa nyumbani kuvifuata.