Ziwa lilipofungwa nikawa mlezi wa paka: uzoefu wangu na kikundi cha kuokoa paka Kigoma

Mimi ni mwanikaji wa dagaa pale Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma ambako maboti hushusha samaki, na niseme ukweli tangu mwanzo: paka nilikuwa nawapiga mawe. Unageuka kidogo kumrudishia mteja chenji, shume ameshapanda chanjani, tunapoanikia dagaa. Kwa hiyo asidhani mtu nilijiunga kwa huruma.

Nilijiunga mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miaka yote nimeamka saa kumi usiku kusubiri maboti. Maboti yakawa hayapo, lakini saa kumi ikifika macho makavu, nahesabu mabati.

Paka wa mwaloni nao waliishiwa. Tumezoea kuwaona wakikonda siku za mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika. Hizo ni siku chache tu. Safari hii walianza kuingia majikoni mwa watu huko juu, na watu wakaanza kutega sumu. Ndipo akaja dada mmoja wa kikundi kutuuliza sisi akina mama nani anaweza kukesha na vitoto vya paka. Nikacheka. Kukesha si ndiyo kazi yangu?

Akaniletea boksi la sabuni lenye vinyau vinne, macho hayajafunguka. Nilidhani nitawapa maziwa ya ng'ombe kwenye kisosi, basi. Kumbe yale yanawaharisha hadi kufa. Tulitumia ya mbuzi, ya vuguvugu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, kinyau kikiwa kimelala kifudifudi. Ukikilaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaingia kwenye mapafu. Tena kikiwa cha baridi hukilishi kwanza, unakipasha moto: chupa ya maji ya moto ndani ya kitenge. Baada ya kula unakipangusa huku nyuma na pamba yenye unyevu ili kikojoe, kwa sababu chenyewe hakiwezi bado. Mama yake angekilamba. Nimelea watoto watano na hilo sikulijua.

Kimoja kilikufa usiku wa tatu, mkononi mwangu. Sikutegemea kulia. Vile vitatu vilipofungua macho, nilimwamsha mume wangu saa tisa aje kuona, akaniuliza kama nimeugua.

Sasa, nimepata nini? Hela hakuna, tena unatoa yako. Bodaboda ya kumpeleka paka kwa daktari wa mifugo ni juu yako. Ila usingizi ulirudi. Nikishalisha ile zamu ya saa kumi, nalala hadi asubuhi kama mtoto. Na zile saa ambazo ningekaa nikiwaza ada na madeni, nilikuwa na kitu cha kushika.

Lingine ni kujulikana. Ujiji kuna mzee mmoja, nikimwamkia shikamoo ananijibu, "Marahaba, mama Huraira," halafu anakumbusha waliopo kwamba Abu Huraira, jina la yule sahaba wa Mtume, maana yake ni baba wa kipaka. Wengine jina walilonipa ni la uchawi, hasa nilipopita jioni na paka mweusi kwenye tenga. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi wao wenyewe ndio wananigongea mlango paka wao akikwama kujifungua.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni siku ya kuhasi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na anaibeba kama siku 65, kwa hiyo kulisha bila kufunga uzazi ni kuchota maji kwa kapu. Tunawanasa alfajiri kwa kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwani hapa, daktari anafanya yake, ncha ya sikio inakatwa kidogo iwe alama, wanarudishwa pale pale walipotoka. Nikiwa chanjani naona sikio lililokatwa, najua huyo ni wetu.

Yaliyonikera yapo. Wapo wanaokuja siku ya kupiga picha tu, siku ya kufua matambara yenye mavi huwaoni. Simu ya kikundi inaita usiku wa manane kwa jambo linaloweza kusubiri. Halafu shume mmoja alinikwaruza hadi damu. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nikaenda kutafuta sindano ya kichaa cha mbwa, nikazungushwa siku nzima kabla ya kuipata. Kikundi kilipaswa kutuchanja kabla ya kutukabidhi mitego. Nimewaambia mkutanoni, nawaambia na hapa. Kwa hilo nawapa nyota nne, si tano.

Anayetaka kujiunga aje na taulo kuukuu na nguo ya mikono mirefu. Asiyeweza kuona kiumbe kikifa aombe kazi ya kupika chakula, ipo na ina watu wachache. Mimi bado naanika dagaa, na paka bado wanaiba. Juzi nilimrushia mmoja kandambili, ikampita pembeni, akaketi hatua mbili kutoka kwangu akajilamba. Sikio limekatwa. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa boksi la sabuni.