TAHADHARI: "Turbo ya umeme" ya IST na Vitz ni feni tu, usitume hela

Wakuu, matangazo ya "turbo ya umeme" yamejaa tena mitandaoni, na wanaolengwa ni wenye IST, Vitz, Passo na Ractis. Ahadi ni zilezile: nguvu inapanda, mafuta yanashuka, kufunga nusu saa, injini haiguswi. Kinacholetwa ni feni ndogo yenye mota ya volti 12, inachomekwa kwenye bomba la hewa kati ya klina (chujio la hewa) na throto (mlango wa hewa wa injini). Haiongezi presha yoyote ya maana, na hesabu yake haihitaji uhandisi.

IST yenye injini ya 1NZ ina cc 1,497. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye RPM 6,000 (mizunguko 6,000 kwa dakika) injini inahitaji karibu lita 75 za hewa kwa sekunde. Turbo kazi yake ni kuifikisha hewa hiyo kwenye silinda ikiwa na presha kubwa kuliko ya nje. Tuseme unataka nyongeza ndogo tu ya presha, PSI 7 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi). Kuikandamiza hewa yote hiyo kunakula takriban kilowati 6. Kwa umeme wa volti 12 hizo ni ampea 500! Altaneta ya gari hizi, inayozalisha umeme wote wa gari, kwa kawaida ni ya ampea 100 hivi au pungufu, na humohumo taa, AC na feni ya rejeta vinasubiri chao. Sasa utazame waya wa hiyo "turbo": mwembamba kama wa spika, wenye fyuzi ya ampea 10 ikiwa muuzaji ni muungwana. Ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120, wakati zinahitajika 6,000. Hapo ndipo mjadala unapoishia.

Turbo halisi haiombi umeme kwa sababu nguvu yake inatoka kwenye egzosi. Moshi unatoka kwenye silinda ukiwa na presha na joto la mamia ya nyuzi, unapiga gurudumu la turbini, na gurudumu hilo limeungwa kwa shafti moja na gurudumu la kompresa upande wa hewa safi. Shafti inazunguka mara 100,000 mpaka 200,000 kwa dakika ikielea juu ya utando wa oili. Ndiyo maana turbo ya kweli utaikuta imefungwa kwenye manifoldi ya egzosi, ina bomba la kuleta oili na jingine nene la kuirudisha kwenye sampu (karai ya oili chini ya injini). Hewa iliyokandamizwa pia inachemka, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi, kwa hiyo gari nyingi zina intakula ya kuipoza. Kifaa kisichogusa egzosi wala oili, muulize muuzaji nguvu inatoka wapi.

Wajanja watakujibu kwamba hata Wajerumani wanatumia kompresa ya umeme. Ni kweli, Audi SQ7 ya 2016 inayo. Lakini ile ni ya kilowati 7, ina mfumo wake wa volti 48, na inafanya kazi kwa muda mfupi tu mpaka turbo za egzosi zishike. Haina undugu na feni ya kuchomeka.

Hasara haiishii kwenye hela. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini inataka hewa nyingi kuliko feni inavyoweza kupitisha, na feni yenyewe inageuka kizuizi bombani. Mafundi wengi wakikata bomba wanaacha mpira wa kupumulia injini unaning'inia, au klipu inavuja. Hewa isiyopita kwenye sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na mafuta kidogo, taa ya chek injini inawaka na kodi P0171 (namba ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari). Wengine wanatoa klina kabisa ili feni ienee, na vumbi letu linakwenda moja kwa moja kwenye ringi za pistoni. Vifurushi vingine vina kirezista (kipande kidogo cha kupunguza umeme) cha kuchomeka kwenye sensa ya joto la hewa, ili kompyuta idhani hewa ni baridi na imwage mafuta zaidi. Hicho kinaweza kumpa mtu hisia kwamba gari "imechangamka".

(Kile kifilimbi cha kuchomeka kwenye ncha ya egzosi ni sauti tu. Wanaokiuza kama turbo ni walewale.)

Video ya karatasi kupeperushwa na feni, au ya gari iliyosimama injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, haithibitishi kitu. Kipimo ni hiki: chomeka kisomeo cha OBD (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), fungua usomaji wa MAF, tafuta barabara iliyo wazi, gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho hadi karibu RPM 6,000. IST nzima inasoma kama gramu 70 hadi 85 kwa sekunde. Rudia feni ikiwa imewashwa. Nyongeza ya PSI 7 ingepeleka namba hiyo juu ya 100. Ikibaki palepale au ikishuka, umepata jibu. Muuzaji anayekataa kipimo hiki kabla ya malipo, au anayetaka utume hela kwa simu kwanza na hana risiti ya EFD (ya mashine ya kodi ya serikali), achana naye. Kwa Tanzania, malalamiko ya tangazo la uongo yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Nenda na risiti na picha za tangazo.

Kwa aliyekwisha kufunga: toa feni na kirezista, rudisha bomba zima, siyo lililoungwa kwa gundi, kaza klipu, rudisha mpira wa kupumulia na klina, safisha sensa ya MAF kwa dawa yake, kisha futa kodi ya hitilafu. Kabla ya hapo, hesabu mabawa ya feni. Kama moja limekatika na halionekani, usiwashe gari mpaka throto ifunguliwe na kipande kipatikane.