Walipolitia Neno "Nasukuma" Chini ya "Usafiri"

Ofisi yenyewe sitaitaja. Iko ghorofa ya tatu upande wa River Road, Nairobi, na kazi yake ni kunukuu mahojiano ya watafiti, kuyasimba katika programu ya kompyuta ya NVivo (yaani kukipa kila kipande cha maneno msimbo, jina la jambo kinachozungumzia), kisha kumkabidhi mwenye tasnifu orodha ya dhamira, yaani mawazo makuu yanayojitokeza, zilizokwisha kupangwa. Nilikwenda huko miezi kadhaa iliyopita na rekodi 18 za wachuuzi wa mitumba wa Gikomba, niliowahoji kuhusu namna wanavyoanza tena baada ya moto, maana soko hilo limeungua mara nyingi.

Karibu wahojiwa wote, nilipowauliza hali, walijibu, "Nasukuma tu," yaani nasukuma maisha. Mama mmoja aliyeunguliwa na marobota mawili alilitamka neno hilo, akanyamaza, akacheka, kisha akalirudia. Nilipoifungua kazi iliyosimbwa, nilikuta kila "nasukuma" imetiwa chini ya msimbo wa "Usafiri", pamoja na mikokoteni na nauli za matatu! Kwa mujibu wa jedwali lao, shida kubwa ya watu wangu ilikuwa uchukuzi.

Nilirudi na karatasi mkononi. Kijana aliyekuwa mezani hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta: "Dada, kwani msimamizi wako atasoma hayo yote?"

Nilitetemeka kwa hasira. Katika uchanganuzi wa dhamira walioueleza watafiti Virginia Braun na Victoria Clarke mwaka 2006, hatua ya kwanza kati ya sita ni kuizoea data, yaani kuisoma na kuirudia kabla ya kuweka msimbo wowote. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe, kwa haraka zangu, nilikuwa nimelipa ili hatua hiyo irukwe. Wala siilaumu NVivo, kwani haikuwahi kukaa na yule mama.

Haki yao niwape: unukuzi wao ni mzuri ajabu. Katikati ya kelele za Gikomba walinasa hata maneno ambayo mimi niliyekuwapo sikuyasikia, na saa na dakika zimeandikwa pembeni. Kwa unukuzi peke yake ningewapa nyota nne, na pengine ningewarudia. Usimbaji niliufuta wote, nikakata vijikaratasi, nikavitandaza sakafuni kwa majuma mawili, na leo "kusukuma" ni dhamira inayojitegemea katika sura ya nne, nayo haihusiani na gurudumu lolote.

Nilikuwa nikikusudia kuishia hapo kwa upole. Lakini niliwaahidi wahojiwa wangu kwamba sauti zao hazitabaki mikononi mwa wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Nimewaandikia mara tatu kuomba uthibitisho kwamba rekodi zimefutwa, na jibu pekee nililopata ni bei mpya za usimbaji. Nyota moja, na hiyo ni ya aliyenukuu.