Mabawa Nitayarudia, Bangili Sitazigusa: Duka Moja la Mapambo Mjini Kisumu

Desemba iliyopita nilitumwa kununua mavazi ya watoto 11 wa shule ya Jumapili waliokuwa wakijiandaa kuigiza kuzaliwa kwa Yesu, nami nikaingia katika duka la mapambo lililo hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga, ambalo wazazi wengi hulisifu kwa bei nafuu. Sifa hiyo ni ya haki. Mabawa ya malaika yalikuwa shilingi 350, taji la mamajusi 100, na bangili zenye vidude vya kuning'inia, ambazo wasichana walikuwa wameniagiza kwa msisitizo, shilingi 50 tu. Mhudumu alikuwa mpole, akaniacha niguse na kunusa kila kitu bila kununa.

Mabawa hayana kasoro: ni kitambaa cha wavu kilichotandazwa juu ya waya, ncha zake zimefunikwa vizuri, na hayana harufu yoyote. Kinyago cha punda ndicho kilichonikera. Kilikuwa cha plastiki laini, chenye harufu kali iliyobaki hata baada ya kukianika kambani siku 3. Plastiki ya namna hiyo mara nyingi hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti, ambazo baadhi yake Marekani ilizipiga marufuku katika vitu vya kuchezea vya watoto zinapozidi asilimia 0.1, kwa sheria ya mwaka 2008. Harufu peke yake si ushahidi kwamba zimo, lakini kitu kinachokaa puani na mdomoni mwa mtoto kwa saa nzima sikuona sababu ya kukibahatisha. Nilikirudisha, nikabadilishiwa kofia.

Kuhusu bangili, mhudumu aliniambia, "Mwalimu, hizi ndizo zinazotoka sana." Nilinunua 2 kwanza. Kidude chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilikuwa kizito kupita kiasi, na nilipokikwaruza ukingoni rangi ya fedha ilibanduka, ikatokea metali ya kijivu iliyoacha mchirizi kwenye risiti kama penseli. Risasi, ile metali nzito yenye sumu, huandika hivyo. Sina maabara, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo, ila mpwa wangu wa miaka 4 alikuwa tayari amekitia kinywani, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa akikimeza, asidi ya tumboni huiyeyusha metali hiyo na kuipeleka kwenye damu. Mwaka 2006, mjini Minneapolis, Marekani, mtoto wa umri huo huo alifariki baada ya kumeza kidude cha bangili kilichokuwa karibu risasi tupu, nacho kilikuwa zawadi iliyokuja na viatu. Risasi ilipobanwa na sheria huko, kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ikaanza kuonekana katika mapambo ya watoto yaliyotoka China, hadi Umoja wa Ulaya ukaiwekea kikomo cha asilimia 0.01 mwaka 2011.

Hereni zao nazo zina kasoro, ingawa ni ndogo zaidi. Nilivaa jozi moja ya dhahabu bandia Jumamosi, na kufikia Jumatatu ndewe zilikuwa zimevimba na kuwasha, jambo linalowapata wengi ambao ngozi zetu hazielewani na metali iitwayo nikeli. Nilipouliza bidhaa hizo zimetengenezwa kwa metali gani, mhudumu alicheka kwa aibu, akaniambia huja kwa magunia kutoka Nairobi bila karatasi yoyote.

Mwishowe wasichana walivaa mikufu ya shanga za karatasi, tulizozikunja wenyewe kutokana na kalenda kuukuu na kuzitunga kwa uzi wa pamba, na mmoja wao akadai yake ing'ae zaidi kwa sababu yeye ndiye Gabrieli.

Duka nalipatia nyota 3 kati ya 5, zote za mabawa, mataji na upole wa mhudumu. Zile bangili 2 bado ziko ndani ya kopo juu ya kabati langu, kwa sababu nikizitupa jaani watoto wa mtaa wanaookota vyuma vya kuuza wataziona kabla ya jua kuzama.