Akili mnemba katika kuandaa zabuni za Serikali: uzoefu wangu wa kuitumia

Kampuni yetu ni ndogo, inafanya usafi wa majengo na utunzaji wa mazingira mkoani Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi zake hutokana na zabuni za taasisi za umma. Kwa muda sasa nimekuwa nikiandaa zabuni hizo kwa msaada wa programu ya akili mnemba inayolipiwa kwa mwezi. Jina la programu nitaliacha, kwa kuwa wenzangu wanaotumia nyingine za aina hiyo wanaeleza mambo yanayofanana sana na niliyoyaona mimi. Programu hizi husifiwa kwa uandishi wake, lakini mimi nimenufaika nazo zaidi katika kusoma, na nitaeleza kwa nini.

Tangu mwaka 2023 zabuni za umma Tanzania Bara zinapitia NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa umma mtandaoni, uliochukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS. Mzabuni hujaza fomu nyingi ndani ya mfumo wenyewe, hupakia viambatisho, na huingiza bei zake humo humo. Kwa zabuni za huduma kama zetu, ambazo si za ushauri elekezi, kamati ya tathmini huanza kwa kuangalia kama mzabuni ametimiza masharti, kisha waliovuka hatua hiyo hulinganishwa kwa bei. Hakuna alama za ufasaha. Mtu anaweza kuwasilisha maelezo ya utekelezaji yaliyoandikwa kwa lugha ya kupendeza, akaondolewa mapema kwa sababu leseni yake imepita muda au hati ya uwakilishi haikusainiwa inavyotakiwa. Anayenunua akili mnemba ili imwandikie kurasa nyingi za kujisifu ananunua kitu ambacho kamati haikuomba.

Matumizi yaliyonilipa ni haya: baada ya kupakua nyaraka za zabuni, huzipakia zote kwenye programu na kuiagiza iorodheshe kila sharti lenye neno la lazima, ikitaja namba ya kifungu, ukurasa, na maneno yenyewe kama yalivyoandikwa. Agizo hilo la kunukuu maneno yenyewe ndilo muhimu kuliko yote, kwani bila hilo programu hutoa muhtasari, na muhtasari wa nyaraka za zabuni ni hatari. Katika zabuni moja ya usafi wa hospitali, sharti la wafanyakazi kuwa wamechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B halikuwa kwenye sehemu ya vigezo vya sifa za mzabuni. Lilikuwa limejificha katikati ya maelezo ya kazi, karibu na orodha ya vifaa. Programu ililitoa, na tukapata muda wa kuwapeleka wafanyakazi ambao hawakuwa wamekamilisha dozi. Katika nyingine ilibaini kwamba muda wa uhalali wa zabuni ulitajwa tofauti katika Jedwali la Taarifa za Zabuni, lile tunaloliita TDS, na katika fomu iliyoambatishwa. Tuliuliza ufafanuzi kupitia NeST kabla ya siku ya mwisho ya maswali, nasi tukajibiwa.

Hata hivyo usomaji wake una mipaka. Kurasa zilizopigwa picha na kugeuzwa PDF mara nyingine huzisoma vibaya au huziruka bila kusema lolote, na taasisi nyingi bado zinaambatisha michoro na majedwali ya namna hiyo. Vilevile, taasisi nunuzi inapotoa marekebisho ya nyaraka katikati ya kipindi cha zabuni, programu haina habari nayo mpaka uyapakie mwenyewe, na hata ukiyapakia mara nyingine huendelea kutumia maelezo ya awali. Siku hizi kila marekebisho yanapotoka nafungua mazungumzo mapya na kuanza upya.

Faida ya pili ni ya lugha, na kwa kampuni za wazawa huenda ikawa kubwa kuliko nilivyotarajia. Zabuni tunazoshiriki huandikwa zaidi kwa Kiingereza, lakini ujuzi wa kazi katika kampuni yetu uko kwa Kiswahili, tena uko kwa watu ambao hawajawahi kuandika maelezo ya utekelezaji. Msimamizi wetu wa wodini ni mama aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Nilimwomba anieleze kwa ujumbe wa sauti anavyopanga siku: wanaoanza saa kumi na mbili asubuhi hufanya nini, kwa nini tambara la chooni halikanyagi wodi ya wazazi, damu ikimwagika sakafuni nani huitwa na nini hufanyika kwanza. Nikayaandika maneno yake, nikaipa programu, na ikayageuza kuwa Kiingereza safi kilichopangwa kwa mtiririko unaotakiwa na nyaraka. Matokeo yalikuwa mazuri kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba yaliyomo yalikuwa ya mama yule. Nilipoiachia iandike yenyewe kutoka kichwa cha habari, ilileta maneno yanayoweza kutumwa na kampuni yoyote duniani.

Tena ikijiandikia yenyewe hukosea mambo ambayo mtu wa kazi angeyaona kwa jicho moja. Katika rasimu mojawapo ilieleza kwamba dawa ya klorini ya asilimia 0.5, inayotumika kuua vijidudu mahali palipomwagika damu, hupatikana kwa kuchanganya sehemu moja ya dawa na sehemu tisa za maji. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo dawa ya dukani ina nguvu ya asilimia 5. Sisi hutumia JIK ya asilimia 3.5, nayo huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Ukiweka tisa unapata asilimia 0.35, pungufu ya kinachotakiwa. Mjumbe wa kamati anayetoka idara ya afya angekiona kipengele hicho na kujiuliza kama tumewahi kuingia wodini.

Kuhusu sheria, tahadhari iwe kubwa zaidi. Programu ilinitajia vifungu vya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011, ilhali sheria inayotumika ni ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake za mwaka 2024. Kuna wakati ilinishauri niambatishe cheti cha AGPO, ambacho hutolewa Kenya kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu na hakihusiani kabisa na mzabuni wa Morogoro. Inaelekea inapokosa maelezo ya kutosha kuhusu Tanzania huazima kwa jirani, na huazima kwa sauti ile ile ya uhakika. Baya kuliko yote, iliwahi kuiandikia kampuni yetu vyeti vya ubora vya kimataifa na mikataba ya zamani tusiyokuwa nayo, pasipo mtu kuiomba. Katika mambo mengine hilo lingechekesha, lakini katika zabuni ya umma taarifa ya uongo yaweza kumfikisha mzabuni kwenye orodha ya waliofungiwa na PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, na hakuna atakayekubali utetezi kwamba yalikuwa maneno ya mashine. Kwa hiyo kila sentensi inayodai kitu kuhusu kampuni, mimi huitafutia karatasi yake kwenye faili. Isiyo na karatasi hufutwa.

Bei siiachii programu hata kidogo. Chukua mfanyakazi mmoja wa mshahara wa shilingi 200,000: mchango wa mwajiri NSSF kwa asilimia 10 ni shilingi 20,000, tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL) kwa asilimia 3.5 ni 7,000, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) kwa asilimia 0.5 ni 1,000, hivyo gharama halisi ni shilingi 228,000 kabla ya sare, vifaa, faida na VAT. Programu ilipiga SDL kwa asilimia 4.5, kiwango kilichokwisha kuachwa. Tofauti ni shilingi 2,000 kwa mtu kwa mwezi, lakini kwa wafanyakazi 30 kwa mwaka mzima ni shilingi 720,000, na katika ushindani wa bei kiasi hicho kinatosha kumtenganisha wa kwanza na wa pili. Ukiipa viwango sahihi na kuiagiza ihakiki hesabu zako, inafaa. Hapo imenisaidia kuona mistari ya jedwali la bei ambayo jumla zake hazikulingana.

Jambo jingine ambalo naona wengi wanalipuuza ni usiri. Wasifu wa wafanyakazi, namba zao za NIDA na vyeti vyao ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami sioni uhalali wa kuzimwaga kwenye seva za nje ya nchi ili tu jedwali lipendeze. Huwa naweka alama badala ya majina na namba, kisha narudisha taarifa halisi kwenye kompyuta ya ofisi. Bei za ushindani nazo sizipakii pamoja na jina la taasisi nunuzi.

Malipo ni kwa dola, yapata 20 kwa mwezi kwa toleo ninalotumia, na yanahitaji kadi inayokubalika mtandaoni. Kwa kampuni inayoomba zabuni moja moja kwa mwaka toleo la bure linatosha kwa tafsiri, ingawa huishiwa nafasi haraka ukilipatia nyaraka ndefu. Wanaofanya kazi za ushauri elekezi wako katika hali tofauti na yangu, kwa sababu kwao andiko la kiufundi hupewa alama, na rafiki yangu wa fani hiyo anasema programu humsaidia hasa kupanga hoja zake upya.

Mimi hulipia miezi yenye zabuni nyingi, hasa kuelekea mwaka mpya wa fedha unaoanza Julai, na miezi mingine huikatisha. Kazi pekee ninayoifanya nayo nje ya msimu ni kuiagiza ilinganishe taarifa za kusudio la kutoa tuzo, zile zinazoeleza kwa nini hatukushinda, na zabuni tuliyoiwasilisha. Mara ya mwisho ilibainisha kwamba sababu mbili kati ya tatu tulizopewa zilihusu viambatisho na moja tu ilihusu bei.