Counter-Strike 2, uzoefu wangu: bunduki haina neno, chunga kasha na maikrofoni

Nianze na hukumu. Kwa mtu mzima mwenye subira, sijaona gemu la timu la kufyatua risasi linaloizidi Counter-Strike 2. Kijana aliyekwishapevuka naye namruhusu, ila kwanza tukae nusu saa kwenye mipangilio, na sababu ya kukaa huko si bunduki. Wanaoliogopa gemu hili mara nyingi wanaogopa kitu ambacho humo ndani hakina uzito mkubwa, huku wakivipita viwili vinavyoumiza kweli: kasha la kubahatisha (sanduku la ndani ya gemu unalolipia kulifungua bila kujua utapata nini) na maikrofoni ya mtu usiyemjua.

Hofu ya bunduki haikuzuka hewani. Counter-Strike ilianza 1999 kama nyongeza ya gemu jingine, Half-Life, iliyotengenezwa na Minh Le na Jess Cliffe, kisha Valve, kampuni yenye Half-Life, ikaichukua na kuitoa rasmi 2000. Baada ya mauaji ya shuleni mjini Erfurt, Ujerumani, Aprili 2002, gemu hili ndilo lililonyooshewa kidole. Ofisi ya serikali inayochuja vitu vyenye madhara kwa vijana ilitakiwa ilizuie, ikalipitia na kukataa. Hata hivyo neno Killerspiele, yaani michezo ya kuua, lilifika hadi kwenye makubaliano ya serikali ya mseto ya 2005. Brazili nako uuzaji wake ulizuiwa Januari 2008 kwa amri ya mahakama, na zuio likaja kuondolewa 2009. Leo hii, kwenye Ujerumani ile ile, ukumbi mkubwa wa Cologne hujaa watu wanaokuja kutazama fainali za Counter-Strike, na 2017 Kansela Angela Merkel mwenyewe ndiye aliyefungua maonyesho ya Gamescom katika mji huo.

Sheria na utafiti navyo vimesogea. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 kwa 2, ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto magemu ya kikatili. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti juu ya vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano kati ya kucheza magemu ya kikatili na tabia ya ukali. Shirika la Afya Duniani nalo limeingiza tatizo la kucheza magemu kupita kiasi kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kinachotazamwa pale ni mtu kushindwa kujizuia. Kama ndani ya gemu kuna bunduki au hakuna, kipimo ni kile kile.

Sasa gemu lenyewe. Wachezaji ni 5 kwa 5. Upande mmoja unatega bomu, mwingine unazuia au unategua. Raundi ina dakika 1 na sekunde 55, ukifa unasubiri raundi ijayo, na timu ya kwanza kufikisha raundi 13 imeshinda. Kinachopambanua timu nzuri na mbovu, kabla hata ya shabaha, ni pesa. Kila mtu anaanza na dola 800 za humo humo ndani ya gemu. AK-47 ni 2,700, fulana ya kinga pamoja na kofia ni 1,000, guruneti la moshi 300, la mwanga wa kupofusha adui kwa muda 200. Bunduki, kinga, moshi mmoja na maguruneti mawili ya mwanga vinafika 4,400.

Chukua timu iliyopoteza raundi, kila mmoja amebaki na 2,900. Mgeni anaiona AK-47, anainunua peke yake bila fulana wala guruneti. Anakufa mapema, adui anaiokota ile bunduki, na hata akipewa fidia ya kupoteza ya 2,400 raundi inayofuata ana 2,600 tu: AK-47 yenyewe sasa haimtoshi. Wenzake waliobana wana 5,300 kila mmoja, wanaingia wakiwa kamili na wanavutwa nyuma na mtu mmoja mwenye bastola. Fidia huanzia 1,400 na kupanda hadi 3,400 kadiri mnavyopoteza mfululizo, ndiyo maana kukubali kupoteza raundi moja kwa mpango si woga. Na mwenye akiba anaweza kumnunulia mwenzake bunduki na kuidondosha miguuni pake kabla raundi haijafunguliwa. Sijui njia ya haraka zaidi ya kumfanya mtu usiyemjua akusikilize kuliko hiyo.

Bomu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Likitegwa lina sekunde 40. Kutegua kunachukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye kifaa cha kutegulia cha dola 400. Kwa hiyo asiye na kifaa akiligusa baada ya sekunde ya 30 amejisumbua bure. Mlio wa kuanza kutegua unasikika kwa waliojificha karibu, na hapo ndipo akili inapoingia. Mteguaji analigusa, mlio unatoka, anaachia papo hapo na kuinua bunduki kuelekea kona anayoishuku. Adui akichungulia kumwahi, anakutana na mdomo wa bunduki. Au mwenzake anafunika bomu kwa moshi ili ategue bila kuonekana. Katika toleo hili, lililotoka Septemba 2023, moshi unajaza nafasi kama moshi wa kweli: unapita mlangoni, unazunguka masanduku, na guruneti la mlipuko likitupwa ndani yake linaufungua kwa muda mfupi. Adui aliyebakiza guruneti hilo moja analitupa juu ya bomu, moshi unapasuka, na aliyechutama anaonekana mzima mzima. Ukiwa nje unaona milio ya risasi tu. Ukiwa ndani, hizo ni sekunde kumi za kuhesabu, kudanganya na kuaminiana.

Kosa la kwanza la mgeni ni kupiga risasi huku anatembea. Bunduki nyingi humo hutawanya risasi vibaya mno ukiwa kwenye mwendo. Dawa yake: ukienda kulia kwa kitufe cha D, achia D na uguse A, cha kwenda kushoto, kidogo, mwili unasimama mara moja, ndipo ufyatue. AK-47 ina risasi 30 na inatoa 10 kwa sekunde. Risasi za mwanzo hupanda juu, kisha huanza kuyumba kushoto na kulia kwa mpangilio ule ule kila mara, hivyo unavuta kipanya chini kwa utulivu na kufuata huo mpangilio. Adui akiwa mbali usimwage zote. Piga mbili au tatu, achia, rudia. Alama ya shabaha itembee kwenye usawa wa kichwa muda wote, kwa sababu risasi moja ya AK-47 kichwani inaua hata mwenye kofia.

Kosa la pili ni kasi ya kipanya. Kwa DPI 800 (wepesi wa kipanya chenyewe) na kasi ya 1.0 ndani ya gemu, kugeuka mzunguko kamili kunahitaji kusogeza kipanya kama sentimita 52. Wageni wengi huacha 3 au zaidi, mzunguko mzima unaisha kwenye sentimita 17, halafu wanashangaa mkono unatetemeka juu ya kichwa cha adui. Mimi ningeanzia 1.0, nipate pedi yenye upana wa angalau sentimita 40, na nisiguse tena namba hiyo kwa wiki mbili. Kuibadilisha kila siku kunafuta kile mkono ulichokwishajifunza.

Skrini nayo ina mtego wake. Ya herzi 60 inaonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, ya 144 kila milisekunde 6.9. Tofauti ipo na unaihisi. Lakini wapo wanaonunua ya 144 na kompyuta ikabaki kwenye 60, kwa kuwa hakuna aliyefungua mipangilio ya onyesho kuibadilisha. Angalia hapo kabla hujalaumu kadi ya picha. Mahitaji ya chini yaliyotangazwa ni RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 85 kwenye diski. Mwenye Mac hana toleo lake.

Kuhusu mtandao, watu hununua kasi wakati kinachotakiwa ni utulivu. Gemu lenyewe linatumia data kidogo. Pingi, yaani muda wa ishara kwenda na kurudi kati yako na seva (kompyuta ya mbali inayoendesha mechi), ikiwa chini ya milisekunde 50 ni nzuri. Ikipita 100 utakuwa unakufa ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta, kwa sababu kwenye seva bado hujafika. Chanzo cha kawaida ni mtu mwingine kwenye laini hiyo hiyo anayepandisha video: foleni inajaa ndani ya ruta, na pingi ya 30 inaruka hadi 200 kisha inarudi. Tumia waya. Kama haiwezekani, tumia Wi-Fi ya gigaherzi 5 ukiwa chumba kimoja na ruta. Ruta ikiwa na kipengele cha SQM, kinachosimamia foleni ya data, kiwashe na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima, kwenda na kurudi, ili foleni isijengeke. Seva huhesabu mambo mara 64 kwa sekunde, na toleo hili hurekodi pia wakati halisi wa kubonyeza kwako katikati ya hesabu hizo. Hilo linasaidia, ila haliwezi kuokoa pakiti ya data iliyopotea njiani. Upotevu wa asilimia 1 au 2 tu unatosha kufanya adui aonekane anarukaruka.

Nije kwenye maikrofoni, na hapa ndipo maoni yangu ni makali. Kucheza na watu usiowajua kunamaanisha sauti zao zinaingia moja kwa moja masikioni mwako, au mwa mwanao. Matusi, ubaguzi, na hasa kejeli wanazorushiwa wasichana mara sauti zao zinapotambulika, havizuiliwi na alama ya umri iliyo kwenye tangazo. Kwenye mipangilio ya mawasiliano kuna kunyamazisha wote isipokuwa marafiki, kuficha picha za wachezaji, na kusafisha majina ili majina ya matusi yasionekane. Kwa kijana, viwashwe vyote vitatu siku ya kwanza. Hapotezi sana: akibonyeza gurudumu la kipanya anaweka alama mahali alipomwona adui na timu nzima inaiona. Anayetumia maikrofoni naye ajifunze kuongea kwa faida: idadi, mahali, hali. “Wawili, mlango wa kushoto, mmoja kaumia.” Kisha kimya, maana aliyebaki hai anahitaji kusikia nyayo. Anayepiga kelele baada ya kufa anaipotezea timu raundi kuliko anayekosa shabaha.

Jambo moja linaloleta ugomvi usio na lazima nyumbani: mechi ya ushindani haisimamishwi. Inaweza kuchukua hata dakika 50, na anayetoka katikati hufungiwa kucheza mechi nyingine, kuanzia dakika 30 na kurefuka kila anaporudia hadi siku 7, huku wenzake wanne wakibaki pungufu. “Zima sasa hivi” na “malizia mechi” ni amri mbili tofauti kabisa. Mkubaliane idadi ya mechi kabla ya kuanza. Muda ukiwa mfupi, kuna pambano la kila mtu kivyake la dakika 10, unaloweza kutoka wakati wowote bila adhabu.

Kasha sasa. Ukicheza unaweza kudondoshewa kasha, lakini ufunguo unaununua kwa pesa halisi. Ndani mna skini, yaani rangi na michoro ya silaha, ambayo haiongezi nguvu hata kidogo. Uwezekano uliochapishwa kwa ajili ya soko la China 2017 ni huu: skini za bluu, za daraja la chini kabisa, asilimia 79.92, kisu au glavu, asilimia 0.26. Hiyo ya mwisho ni wastani wa kimoja katika makasha 385, na hata ukifungua yote 385, uwezekano wa kutoka bila kisu bado ni kama asilimia 37. Gurudumu la picha linalozunguka na kupunguza mwendo jirani ya kisu linakupa hisia kwamba umekikosa kidogo tu. Hukukikosa kidogo, jibu lilikwishaamuliwa. Ubelgiji iliona hivyo hivyo: Aprili 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kuwa makasha ya aina hii ni kamari, na kuyafungua kukazimwa nchini humo. Anayesema skini ni akiba atazame Oktoba 2025, Valve iliporuhusu skini nyekundu 5, za daraja la juu, kubadilishwa kwa kisu au glavu: bei za visu zilianguka ndani ya saa chache.

Ukitaka skini fulani, inunue yenyewe kwenye soko la Steam, duka la mtandaoni la Valve, kwa bei unayoiona. Kwa akaunti ya kijana, usihifadhi kadi ya benki na usiache salio kwenye pochi ya Steam, kwa kuwa bila salio hakuna ufunguo. Iweke chini ya Steam Families (mfumo wa Steam wa familia) kama mtoto, uweke kikomo cha saa za kila siku na ufunge duka. Washa uthibitisho wa simu wa Steam Guard, na mwambie asiingize nywila kwenye kiungo chochote alichotumiwa na “rafiki” anayeomba apigiwe kura kwenye mashindano. Skini nyingi huibwa kupitia ukurasa wa namna hiyo, unaofanana na wa Steam kila kitu isipokuwa anwani iliyo juu.