Siku sita za kuchora Newala, kwa ndoo moja ya maji kwa siku

Mwenyeji wangu ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake ya simu. Nyumba ina vyumba viwili tu vya wageni, na hataki watu waje kwa mkumbo. Atakayetaka kwenda, ashuke stendi ya Newala na kuwauliza vijana wa bodaboda nyumba ya bibi anayepokea wageni kule ukingoni. Wanamjua. Mimi walinifikisha kwa dakika ishirini, na ubao wangu wa kuchorea tuliufunga nyuma kwa mpira.

Nafundisha shule ya msingi hapa Mtwara mjini, na likizo ya Juni ndiyo pekee ninayoipata nikiwa na nguvu ya kushika brashi. Nilikuwa nikienda Mikindani kila mwaka. Mikindani ni pazuri, ila kila nikikaa chini ya ukuta wa zamani anapita mtu ninayefahamiana naye, tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, na karatasi inakauka kabla sijarudi kwenye anga. Mwaka huu nilipanda basi la Nanyamba na Tandahimba hadi Newala. Safari ni ya vumbi; funga karatasi zako kwenye mfuko wa nailoni, na zaidi ya hilo sina la kusema kuhusu njia.

Nyumba ni ya matofali na bati, na ina baraza pana inayotazama kusini. Mbele ya baraza kuna mikorosho mitatu, kisha ardhi inakatika. Ndio ukingo ule ule wa Shimo la Mungu, wanakokwenda wageni kutazama: bonde linashuka ghafla, Ruvuma iko mbali chini kama uzi, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Jambo la kwanza aliloniambia bibi lilikuwa la maji. "Mwalimu, hapa ndoo moja ya kuoga na kazi zako. Ya kunywa nitakupa mimi." Uwanda wa Wamakonde hauna mito. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza, na chemchemi zinakuja kutokea chini kabisa, mabondeni. Alipokuwa msichana, bibi alishuka huko alfajiri na kupanda mlima na mtungi kichwani. Leo ana kisima cha saruji chini ya ua, kinachokinga mvua ya bati, na maji yaliyoingia hadi Aprili hupigiwa hesabu mpaka mvua irudi mwishoni mwa mwaka.

Nachora kwa rangi za maji. Nyumbani naacha bomba wazi nikisuuza brashi, na kikombe nakibadilisha kila kikichafuka. Kule nilipewa vikombe viwili vya bati kwa siku nzima, kimoja cha kusuuzia na kimoja safi. Siku ya kwanza nilikasirika kimoyomoyo, tena nikafikiria kumwomba bibi anirudishie siku mbili za malipo. Siku ya tatu niligundua kwamba nimeanza kutazama kabla ya kuchovya. Rangi moja niliitumia mpaka iishe kwenye brashi, kwanza mlima wa karibu, kisha wa nyuma yake, kisha wa nyuma zaidi, inafifia yenyewe. Milima ya Msumbiji kwa jicho inafifia hivyo hivyo. Miaka minane nilikuwa nikiitafuta ile hali kwa kuongeza maji.

Asubuhi ni ya ukungu na baridi, beba sweta. Saa kumi na mbili na nusu bonde lote ni jeupe, na karatasi hukaa mbichi karibu saa nzima, kwa hiyo ni wakati wa kuacha rangi zitembee zenyewe. Kufika saa sita jua na upepo vinakausha mstari kabla hujafika mwisho wake. Nilizoea kuchora bonde asubuhi, nikalala baada ya chakula, na jioni nikachora mikorosho. Mwishoni mwa Juni majani yake machanga ni mekundu kama shaba, na maua yanaanza, madogo, meupe yenye wekundu ndani. Usitumie rangi ya kijani ya dukani kwa mkorosho. Changanya njano na kahawia.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote sikukikuta kwenye makasha yangu. Wekundu wangu uliisha siku ya nne. Bibi akanichotea udongo mwekundu wa uani, akauchekecha kwa kitambaa cha kanga, kisha akabandua gundi iliyoganda kwenye shina la mkorosho na kuiloweka usiku kucha. Alikumbuka kwamba walipokuwa shule waligundishia madaftari kwa gundi hiyo. Tulisaga udongo kwa chupa juu ya sahani, tukitumia maji yangu machafu ya kusuuzia. Rangi ilishika. Nimeisugua kwa kidole wiki tatu sasa na haitoki. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alikaa Newala na katika safari yake hiyo akawapa watu wa kusini karatasi na penseli, wakamchorea, michoro akaenda nayo kwao. Nilimfikiria sana nikiwa barazani pale: hakukosekana mkono wa kuchora huku, na hata rangi iko chini ya miguu.

Chakula ni cha nyumbani. Ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili saa kumi jioni. Usiku mmoja tulikula kuku kwa mchuzi wa korosho zilizotwangwa, nami sikuzungumza mpaka sahani ikaisha.

Sasa yasiyofaa. Meza ya barazani iko juu na kiti kiko chini. Mabega yaliniuma siku mbili, mpaka nikachora nimekaa kwenye mkeka. Choo kiko nje na taa yake haiwaki. Na asubuhi mbili mashamba ya jirani yalikuwa yakipigwa salfa: mashine inanguruma, vumbi la njano linapeperuka hadi barazani na kutua juu ya rangi mbichi. Nilipoteza karatasi mbili nzuri, na macho yaliwasha. Si kosa la bibi, mkorosho bila salfa unaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga na watu wanakosa mavuno, lakini mwenye pumu asiende Juni wala Julai.

Nililipa shilingi 35,000 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Karatasi beba nyingi, nene, za gramu 300. Newala mjini nilipata za daftari tu. Nyekundu unaweza kuiacha. Mimi nimeshaomba ruhusa ya siku nne mwezi Oktoba, mabibo, matunda ya mkorosho, yakiwa yameiva, na bibi ameniahidi kuishusha ile meza.